Ibn Hajar al-Asqalani: mwanachuoni aliyezika mabinti zake na kuandika kitabu cha tauni



 Ni nadra kumpata mwanafunzi wa madrasa katika mwambao wetu ambaye hajapata kulisikia jina la Ibn Hajar. Wanaosoma hadithi za hukumu humkuta katika Bulughul Maram, na waliosonga mbele katika elimu humkuta katika Fat-hul Bari, ufafanuzi wake wa Sahih Bukhari. Hapa asichanganywe na Ibn Hajar al-Haytami, faqihi wa Kishafii aliyekuja baada yake kwa zaidi ya miaka mia na kufariki Makka. Tunayemzungumzia ni al-Asqalani, bingwa wa Hadithi. Wengi tumemjua kwa vitabu vyake, lakini nyumba yake hatuijui. Mtu huyu aliishi katika mji uliorudiwa na tauni kila baada ya miaka michache. Tauni iliingia ndani mwake ikachukua watoto wake, naye akaketi akaandika juu yake kitabu kizima.

Jina lake ni Ahmad bin Ali bin Muhammad, kwa lakabu Shihabud-Din na kwa kuniya Abul-Fadhl. Asili ya ukoo wake ni Asqalan, mji wa pwani ya Palestina, lakini yeye alizaliwa Misri katika mwezi wa Shaabani mwaka 773 Hijria, sawa na Februari 1372. Mama yake alifariki yeye angali mchanga. Baba yake, Nurud-Din Ali, mtu wa elimu na mashairi, naye akafuatia mtoto akiwa na umri wa miaka minne tu. Akabaki katika uangalizi wa wasii wa baba yake, Zakiyud-Din al-Kharrubi, mmoja wa wakubwa wa wafanyabiashara wa Karimi, wale waliokuwa wakivusha viungo kutoka Bahari ya Hindi kupitia Yemen na Bahari ya Sham hadi Misri. Alikuwa pia na dada yake mkubwa, Sittur-Rakb, binti msomi, ambaye Ibn Hajar alimhesabu kuwa ni mama yake wa pili.

Yatima huyu aliihifadhi Qur'ani akiwa na umri wa miaka tisa. Mwaka 785 (1383), akiwa Makka pamoja na mlezi wake, aliswalisha tarawehe katika Msikiti Mtukufu, na umri wake haukuzidi miaka 12. Baadaye alimshika mwalimu mmoja wa Hadithi, Zaynud-Din al-Iraqi, akakaa naye miaka kumi. Akasoma pia kwa al-Bulqini na Ibnul-Mulaqqin, akasafiri Hijazi, Sham na Yemen. Mwaka 798 (1396) alimuoa Uns Khatun, binti wa mkaguzi wa jeshi la dola. Bibi huyu hakuwa wa kukaa pembeni ya elimu ya mumewe: alipewa ijaza na masheikh, akasomesha Hadithi, na wanafunzi wakapokea kwake. Mwenyezi Mungu aliwaruzuku mabinti watano: Zayn Khatun, Farha, Ghaliya, Rabia na Fatima.

Sasa tuuangalie mji waliozaliwa mabinti hao. Mwaka 749 (1348), miaka 24 kabla ya kuzaliwa Ibn Hajar, ilifika Misri ile tauni kubwa iliyozunguka Asia, nchi za Kiarabu na Ulaya nzima. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa iliondoka na theluthi ya watu katika nchi ilizozipitia, na pengine zaidi. Msiba haukuishia hapo. Tauni iliweka makazi yake Misri na Sham ikawa inarudi: inapita miaka kadhaa watu wanasahau, kisha majira ya baridi au ya kuchipua majani yanafika nayo tena. Kwa hiyo Ibn Hajar na watu wa zama zake hawakuijua tauni kama habari ya kale. Waliijua kama sisi tunavyoijua mvua ya masika, isipokuwa hii haikuwa na mwezi maalumu.

Neno lenyewe sisi tumelirithi. Kiswahili kimechukua tauni na waba kutoka katika Kiarabu, na Ibn Hajar alisisitiza sana kuyatenganisha maneno hayo mawili. Kwake kila tauni ni waba, yaani maradhi yanayoenea na kuua wengi, lakini si kila waba ni tauni. Tauni ina alama zake: uvimbe wenye maumivu makali unaotokea kwapani, kwenye kinena au shingoni, pamoja na homa na moyo kwenda mbio. Watu wa Lushoto, mkoani Tanga, hawahitaji kuelezwa, maana maradhi hayo hayo yaliwarudia mara nyingi kuanzia mwaka 1980.

Mwaka 819 (1416) tauni iliingia nyumbani kwa Ibn Hajar. Ikamchukua Ghaliya, msichana wa miaka 12 hivi, na Fatima, ambaye alikuwa mtoto mdogo. Wawili katika tauni moja. Katika mwaka huo huo ndipo alipoanza kukusanya Hadithi na habari za tauni kwa ajili ya kitabu alichokiita Badhlul Ma'un fi Fadhlit Ta'un, maana yake kwa ukaribu ni kutoa msaada katika kueleza fadhila za tauni. Msomaji wa leo huenda akashtuka: tauni ina fadhila gani? Jibu limo katika Hadithi sahihi zinazofahamika, kwamba Mtume (s.a.w.) amemhesabu anayekufa kwa tauni kuwa ni shahidi, na kwamba maradhi hayo yaliyokuwa adhabu kwa watu wa kale yamefanywa kuwa rehema kwa waumini. Baba aliyetoka kuzika watoto wawili alikuwa na haja kubwa ya kujua Hadithi hizo zimethibiti kwa kiasi gani.

Na hapa ndipo anapoonekana Ibn Hajar mwenyewe. Huzuni haikumfanya akubali kila riwaya yenye kumliwaza. Alizichukua isnadi moja moja akazipima kama alivyokuwa akizipima katika mambo mengine yote. Mfano mmoja unatosha. Imepokewa Hadithi kwamba tauni ni mchomo wa maadui zetu miongoni mwa majini. Watu walikuwa wakiisimulia pia kwa tamko jingine, kwamba ni mchomo wa ndugu zetu miongoni mwa majini, na tamko hilo likaingia katika vitabu vya baadhi ya wakubwa. Ibn Hajar alilitafuta katika vitabu vya Hadithi asilione kwa isnadi yoyote, akasema wazi kuwa halikupatikana.

Katika Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) alichimbua jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo moyo wa kitabu chake. Hadithi hiyo inampa ujira mfano wa ujira wa shahidi mja ambaye tauni imefika katika mji wake, akabaki humo akisubiri na kutaraji malipo, huku akijua kuwa hakuna litakalomfika ila alichoandikiwa na Mwenyezi Mungu. Ibn Hajar akaona kuwa maneno hayo hayakusharutisha kufa. Mwenye kutimiza masharti hayo anaupata ujira huo hata kama tauni ikapita akabaki hai. Maana yake ni kwamba mzazi aliyebaki na vitanda vitupu naye ana fungu lake, mradi alisubiri. Alilijadili pia suala la Mwislamu mwenye madhambi anayekufa kwa tauni, asiufunge mlango wa rehema mbele yake.

Aliandika sehemu ya kitabu kisha akakiweka. Miaka 14 ikapita. Katika kipindi hicho aliendelea na kazi kubwa ya Fat-hul Bari, na mwaka 827 (1423) akateuliwa kuwa Kadhi Mkuu wa madhehebu ya Shafii nchini Misri, cheo alichoondolewa na kurudishwa mara nyingi hata jumla ya miaka yake ikafika kama 21. Farha alifariki mwaka 828 baada ya kurudi Hija, na Rabia mwaka 832. Akabaki Zayn Khatun, binti wa kwanza.

Mwaka 833 (1430) ikaja tauni ambayo watu wa Cairo hawakuona mfano wake tangu ile ya 749. Ilidhihiri mwishoni mwa Rabiul-Akhir, na hesabu ya wafu mjini ilikuwa chini ya 40 kwa siku. Pakatolewa mwito wafunge siku tatu, kisha tarehe 4 Jumadal-Ula wakatoka kwa wingi hadi jangwani, kama inavyofanywa katika swala ya kuomba mvua, wakasimama wakaomba, wakarejea. Mwezi haukumalizika ila waliokuwa wakifa Cairo kila siku walikuwa wamezidi 1,000, na hesabu ikaendelea kupanda.

Ibn Hajar aliziandika tarakimu hizo kwa makusudi. Walikuwapo wanavyuoni waliojuzisha kutoka huko, na walikuwa na hoja. Miaka 11 nyuma, mwaka 822, Sultani al-Muayyad Sheikh alitoka na watu wake akiwa amevaa sufi, akasujudu juu ya udongo, akachinja na kugawa sadaka, na baada ya hapo tauni ikapungua. Wakasema: wanavyuoni walihudhuria siku ile na hawakukataza, na natija imeonekana. Ibn Hajar hakuridhika. Alirudi nyuma zaidi, kwenye tauni ya Amwas ya mwaka 18 Hijria (639) huko Sham, ambamo walifariki Abu Ubayda na Muadh bin Jabal (r.a.). Masahaba waliipata tauni wakiwa wengi, na wajuzi wa dini walikuwa miongoni mwao, lakini haikupokewa kwamba waliwakusanya watu uwanjani kwa ajili yake. Lingekuwa jambo la sheria lisingewapita wote. Na habari ya natija nayo ina pande mbili. Msafiri Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa Damascus mwaka 749 watu walipofunga siku tatu na kutoka kuomba, na anasimulia kuwa Mwenyezi Mungu aliwapunguzia. Ibn Hajar yeye ananakili kutoka kwa mwandishi mwingine habari ya watu wa mji huo huo na mwaka huo huo kwamba kabla ya kutoka tauni ilikuwa nyepesi, na baada ya kutoka ikawa nzito.

Isifahamike kuwa alikataza dua. Walikuwapo waliodai kwamba maadamu tauni ni shahada basi haifai kuomba iondolewe, naye akawapinga: Mwislamu huomba afya kama anavyoomba asikutane na adui, na hilo haliondoi fadhila ya jihadi. Alichokikataa ni kubuni mkusanyiko na kuupa sura ya ibada. Katika tauni hiyo hiyo walikusanywa masharifu 40, kila mmoja jina lake Muhammad, wakapewa fedha, wakasoma Qur'ani katika msikiti wa al-Azhar baada ya Ijumaa, kisha wakapanda juu ya paa wakaadhini wote kwa pamoja wakati wa Alasiri. Wako waliosimulia kuwa tauni ilianza kuondoka kwa baraka yao. Ibn Hajar katika tarikhi yake anasema haikuzidi ila wingi. Kwa macho ya mganga wa leo tungeongeza kuwa kuwakusanya maelfu ya watu wakati wa maradhi kuna hatari yake, lakini tusimvishe yeye hoja ambayo hakuisema. Hoja yake ilikuwa ya Sunna na bidaa.

Zayn Khatun alifariki katika tauni hiyo, akiwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, naye alikuwa mjamzito. Kwa wanavyuoni, mwanamke afaye na mimba ni katika mashahidi, na afaye kwa tauni vivyo hivyo, kwa hiyo alikutana na sababu mbili. Mwezi wa Jumadal-Akhira mwaka huo huo wa 833 baba yake alikikamilisha kitabu alichokianza kwa msiba wa wadogo zake.

Ni lazima pia tueleze alivyoifahamu sababu ya maradhi haya, hata kama hapo elimu ya leo haiko pamoja naye kwa kila kitu. Matabibu wa zama hizo walifuata kauli ya Wayunani, kwamba tauni huletwa na hewa iliyoharibika. Ibn Hajar aliwajibu kwa mambo aliyoyaona: tauni huja katika majira yaliyo mazuri kabisa na katika miji yenye hewa safi na maji matamu, humpata mmoja ndani ya nyumba na kumwacha aliyelala karibu naye, na lau ingekuwa hewa ingewaenea wote. Yeye akashika Hadithi ya mchomo wa majini, na akashika pia kauli inayokanusha maradhi kuambukiza kwa nguvu zake yenyewe. Andalusia, waziri na tabibu Lisanud-Din Ibnul-Khatib wa Granada, aliyefariki mwaka 776 (1374), alikwisha kuandika kinyume chake kwamba kuambukiza kumethibiti kwa tajriba na kwa macho.

Mwaka 1894, huko Hong Kong, Alexandre Yersin alikigundua kijidudu cha tauni, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha kuwa viroboto wa panya ndio wanaokihamisha. Ajabu ni kwamba ushahidi wa Ibn Hajar dhidi ya matabibu wake ulikuwa wa kweli. Hewa haikuwa sababu, na kiroboto humuuma huyu akamwacha yule aliyeko pembeni yake. Alichokosa ni njia ya kumwona mdudu. Ama jambo la majini ni katika ghaibu, na kuthibiti kwa sababu ya dhahiri hakulazimu kukanusha ya ghaibu. Isipokuwa muumini wa leo akiona panya wanakufa ovyo nyumbani, akatoe habari hospitali.

Pamoja na kukanusha kwake maambukizo, amri ya Mtume (s.a.w.) aliishika kwa ukali: tauni ikiwa katika nchi isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Ndiyo Hadithi aliyoileta Abdur-Rahman bin Auf (r.a.) pale Sargh, wakati Khalifa Umar (r.a.) alipokwisha kuazimia kurudi Madina na jeshi lake, na Abu Ubayda akamuuliza iwapo anaikimbia kadari. Umar alimfahamisha kuwa kurudi kwao nako kumo ndani ya kadari. Kwa Ibn Hajar kutoka kwa nia ya kukimbia ni haramu, na mwenye safari ya haja yake nyingine hakumo katika katazo. Katika hekima zilizotajwa na wanavyuoni alipokea hii: wazima wote wakiondoka, nani atamnywesha mgonjwa maji, nani atamwosha maiti na kumzika? Yeye mwenyewe hakukimbia, wala mwaka 819 wala 833.

Mwaka 841 (1438) tauni ilirudi. Sultani Barsbay, katika kikao cha kusoma Sahih Bukhari ngomeni mwezi wa Ramadhani, aliwauliza makadhi na mafaqihi ni madhambi gani yanayoleta tauni. Akajibiwa kuwa ni zina, na kwamba wanawake wanatembea njiani wakiwa wamejipamba. Akaamuru mwanamke yeyote asitoke nyumbani, na atakayetoka ameahidiwa adhabu kali. Wanatarikhi wa zama hizo wanasimulia dhiki iliyowapata wajane na wanawake wasio na mtu wa kuwatumikia, na mama aliyezuiwa kulifuata jeneza la mwanawe, hata amri ikabidi ilegezwe kwa baadhi yao. Kweli ziko Hadithi zinazohusisha kuenea kwa zina na kuzuka kwa tauni, na Ibn Hajar amezitaja kitabuni. Lakini sultani alichukua upande mmoja wa mlango akauacha wa rehema, na mzigo akawatwisha wasioweza kumjibu. Mwaka huo huo yeye mwenyewe aliugua, akaamuru matabibu wake wawili wauawe kwa kushindwa kumponya, kisha akafa.

Fat-hul Bari ilikamilika mwezi wa Rajab mwaka 842, baada ya kazi ya robo karne, na mwezi wa Shaabani ikafanywa karamu nje ya Cairo iliyogharimu dinari 500. Kila nikifungua mlango wa tauni katika kitabu hicho hukumbuka kuwa mwandishi aliuandika akiwa hana binti hata mmoja aliyebaki hai.

Naye tauni ilimgusa mwilini. Mwezi wa Safar mwaka 848 (1444), akiwa mzee wa miaka 75 kwa hesabu ya Hijria, alihisi usiku maumivu ya mchomo chini ya kwapa la kulia. Kesho yake wakati wa Alasiri ukatokeza uvimbe mfano wa tunda dogo. Aliyekuwa ameandika kitabu kizima juu ya alama hiyo alikuwa akiitazama juu ya mwili wake. Ukaanza kupungua kidogo kidogo, na ilipofika tarehe 20 ulikuwa umekwisha kabisa, naye akaisajili habari hiyo katika tarikhi yake pamoja na matukio mengine ya mwezi, akamshukuru Mwenyezi Mungu, akaendelea na ya Rabiul-Awwal.

Alifariki mwishoni mwa Dhulhijja mwaka 852, mwanzoni mwa mwaka 1449, kwa maradhi ya tumbo. Sultani Jaqmaq na Khalifa walihudhuria jeneza lake, na akazikwa katika makaburi ya al-Qarafa. Uns Khatun aliishi baada yake zaidi ya miaka 14, hakuolewa tena, akiendelea kupokewa Hadithi. Zayn Khatun aliacha mtoto wa kiume, Yusuf, aliyekuwa na umri wa miaka mitano alipofiwa na mama yake. Alisoma kwa babu yake, akawa naye mtu wa Hadithi, na mpaka leo vitabuni hutajwa kwa jina la Sibt Ibn Hajar, yaani mjukuu wa Ibn Hajar kwa upande wa binti.